Makaa ya Vunja Jungu

Filimbi yangu ipo. Imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, na siku hizi haipulizwi ila mke wangu anapotaka kunichokoza. Nalisema hili mapema kwa sababu nyinyi vijana mlioajiriwa juzi kulinda pwani, kila nikipita hapo mnaniuliza filimbi kwanza, shikamoo baadaye. Mnadhani kazi ile ni filimbi. Msione haya, hata mimi nilidhani hivyo, na kwa miaka minne ya mwanzo nilipuliza mpaka watu wakanibandika jina. Ukiuliza Idi Songoro kuanzia Mtoni mpaka Bububu watakutolea macho. Uliza Bwana Filimbi, utaletwa mpaka barazani kwangu.

Pwani yetu mnaijua, haikuhama. Ni kile kipande cha mchanga kilichopita kidogo magofu ya Mtoni, chenye mivinje kwa nyuma na kibanda cha mlinzi ubavuni. Zamani ilikuwa pwani ya kila mtu kwa maana yake kamili. Watu wa Mji Mkongwe walikuja na familia zao, watu wa Ng'ambo walikuja na mipira yao, na wote pamoja walikuja na maganda yao ya tikiti. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha watu wanarudi nyumbani na maganda yanarudi nao. Watu walirudi.

Niwaambieni jambo moja kuhusu mtu wa mjini. Ana imani isiyotetereka kwamba maji yakishakupwa ndio yamekwenda, hayarudi tena. Alikuja bwana mmoja na pikapu yake nyeupe, akaishusha mpaka kwenye mchanga mgumu, akatoa kitambaa na sabuni aioshe kwa maji ya bahari. Nikamwendea.

"Bwana, maji yanajaa."

"Yanajaa wapi? Mbona yako kule?"

"Kule ndiko yanakotokea."

Akacheka, akanipigapiga begani. "Nnamaliza hii milango miwili tu, yakhe." Alipofika mlango wa pili magurudumu ya nyuma yalishazama nusu, na mlango wa tatu bahari ilimsaidia kuosha bila kuombwa. Tuliivuta ile pikapu wanaume kumi na mbili kwa kamba, yeye akiwa ndani na suruali ya kuendea harusini. Mwaka uliofuata alisimama juu kabisa barabarani, akaniita kwa mbali: "Bwana Filimbi, leo maji yanakwenda au yanakuja?" Huyo alifuzu, na wengi hawafuzu hata baada ya pikapu mbili.

Watalii nao walipoanza kuwa wengi, walikuwa na mtihani wao. Mtu anatoka kuogelea, anakumbuka anataka soda, basi anapandisha hivyo hivyo alivyo mpaka dukani barabarani, na wazee wametoka msikitini. Mimi nilitaka kupuliza filimbi. Mzee Khatibu, aliyenifundisha kazi, akanizuia mkono. Yeye alikuwa na kanga kibandani kwa ajili hiyo hiyo. Anamwendea mgeni, anampa kanga, anamwonesha kwa vitendo jinsi ya kujifunga, na mgeni anashukuru akidhani ni zawadi. Siku moja kanga za kibandani zilikuwa zinafuliwa, nikaenda nyumbani mbio kuchukua ya mke wangu bila kuangalia imeandikwa nini. Yule dada wa Kizungu akajifunga vizuri, akapita mbele ya wanawake wa mtaa mzima, na nyuma yake pameandikwa "Mgeni siku mbili." Alikuwa na wiki tatu tangu afike. Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega, naye akacheka nao kwa sababu alikuwa mtu wa watu. Aliondoka nayo ile kanga, na mke wangu ananidai mpaka leo.

Sasa huyu Mzee Khatibu. Alikuwa mlinzi wa kwanza pale, mtu mfupi, mkavu, mwenye sauti ya chini. Sikuwahi kumsikia akimfokea mtu. Alikuwa akisema mtu aliyesalimiwa kwa jina huona haya kutupa ganda. Alikuwa akisema usimkanye mwanamme mbele ya mkwewe, mngoje aende kunawa. Na alinifundisha hili, ambalo nawapa nyinyi bure: kundi lolote likiingia pwani, usiende kwa yule mwenye sauti kubwa. Tafuta aliyeshika mwiko. Huyo ndiye serikali, na akikubali yeye wamekubali wote.

Jioni, watu wakifungasha, Mzee Khatibu alichukua ndoo yake ya bati. Alichota maji ya bahari, akapanda nayo mpaka palipopikwa, akamwaga. Akarudi akachota tena. Mara tatu kwa kila pahala. Halafu alichuchumaa, akakiweka kiganja juu ya ule mchanga bila kuugusa, akatulia hivyo kwa muda kama mtu anayesikiliza. Akiridhika anakwenda pahala pengine. Siku ya watu wengi ndoo ile ilipanda na kushuka mara arubaini, na mimi nilikuwa nyuma yake natazama saa.

Siku ya kustaafu alinikabidhi funguo ya kibanda, kanga mbili na ndoo. "Vyengine ukitaka vitupe," akaniambia, "ndoo usiitupe."

Sikuitupa. Niliitumia kuchanganyia rangi.

Ilikuwa hivi. Aliletwa mkuu mpya ofisini kwetu, kijana aliyetoka masomoni, na siku ya kwanza kutembelea pwani alikanyaga jivu lenye maji likamharibia kiatu. Akauliza kwa nini mchanga una madoa meusi. Mimi nikaona hapo ndipo pa kuonesha akili. Nikatafuta ubao, nikachanganya rangi nyekundu kwenye ndoo ya Mzee Khatibu, nikaandika kwa herufi kubwa: BAADA YA ALASIRI HAKUNA MOTO. MAKAA YOTE YAFUKIWE MCHANGANI. Chini yake nikaongeza AMRI, kwa sababu nafasi ilibaki. Mkuu alifurahi. Mchanga ukawa mweupe, ndoo ikalala kibandani na rangi imeigandia, na mimi kazi yangu ya jioni ikawa kusimama mahali pamoja na kupuliza. Nilijiona nimemshinda mzee wa watu.

Kama hamjawahi kuiona pwani yetu siku za vunja jungu, basi kazi bado hamjaijua. Zile siku za mwisho za Shaabani, kabla ya mfungo, kila nyumba hutoka na sufuria zake. Watu wanakula kana kwamba wameambiwa chakula kitafungiwa kabatini mwaka mzima. Biriani inapikwa hapo hapo, samaki wanachomwa, muhogo wa nazi unachemka, na kila familia imekuja na seredani lake la kupikia na gunia la makaa. Na kabla ya kuagana watu huwiana radhi. Hilo ndilo la maana kuliko biriani. "Niwie radhi, Ramadhani inaingia," mtu anamwambia jirani, anamwambia shemeji, anamwambia hata dereva wa gari waliyoikodi. Mara nyingi hakuna kosa lolote la kusamehewa, ni ada tu, lakini ni ada nzuri.

Bi Zuwena alikuwa hakosi mwaka. Alikuwa bibi wa Malindi, wa familia ya Kiarabu, ya wale waliokuwa na mashamba zamani. Tulipojuana mimi na yeye hakuwa na shamba, alikuwa na cherehani na wajukuu. Mrefu, mweupe, na ulimi wake ulikuwa mkali lakini haukuwa na sumu. Mwiko ulikuwa mkononi mwake, kwa hiyo nilijua serikali ni nani. Akimaliza kupika alikuwa na desturi yake: makaa yaliyobaki huyatia ndani ya debe, akafunika kifuniko, akaliacha debe pembeni mpaka lipoe, halafu anarudi nalo nyumbani. Makaa yakikosa hewa hufa yenyewe, na kesho yanawaka upesi. Miaka yote Mzee Khatibu alimwachia.

Mwaka wa kibao changu, alasiri imeshaadhiniwa, nikamkuta anachota makaa mekundu kwa koleo anatia debeni.

"Bi Zuwena, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, biriani ipo."

"Ahsante, nshakula. Ila hayo makaa yafukie. Kibao kile pale."

Akakitazama kibao, akanitazama mimi. "Nnayatia debeni, nnakwenda nayo kwangu. Yamekukosea nini?"

"Debe la moto ni moto, Bi Zuwena. Na baada ya alasiri moto hakuna. Yafukie tu, mchanga huzima kila kitu."

"Mwanangu," akasema, na alisema kwa upole, hakunikejeli, "moto ukifukiwa haufi. Unajificha."

Palikuwa na wanawake wanatusikiliza. Na mkuu wangu alikuwa amesema huenda akapita jioni ile. Nikaiweka filimbi mdomoni, nikapuliza, mbele ya bibi wa umri wa mama yangu aliyetoka kunikaribisha chakula. Bi Zuwena alilipindua debe, makaa yakamwagika, nami mwenyewe nikasukuma mchanga juu yake kwa kiatu mpaka pakawa sawasawa na peupe kama hapajapikwa kitu. Nikaondoka nimeridhika.

Haikupita saa. Mjukuu wake, Rayya, msichana wa miaka sita hivi, alitoka majini mbio kumkimbilia bibi yake ampe taulo. Pale peupe ndipo alipokanyaga, kwa mguu wa kulia, wote.

Sitaki kuueleza ule ukelele. Nilimfikia kabla ya bibi yake, nikambeba, na mimi huyu mlinzi wa pwani sikujua la kufanya. Mtu mmoja alisema dawa ya meno, mwengine akasema asali. Bi Zuwena akatusukuma sote, akautia mguu wa mtoto ndani ya maji baridi ya kunywa waliyokuja nayo, akaushikilia humo humo, akawa anamsomea dua sikioni mpaka gari ikageuzwa. Lijueni hilo nalo: moto wa mguuni ni maji safi ya baridi, na muda mrefu, na hospitali. Mengine yaacheni.

Nilibaki pale nimesimama. Nikachuchumaa, nikakiweka kiganja changu juu ya mchanga kama nilivyomwona Mzee Khatibu akifanya. Joto lilikuja kabla sijagusa.

Sasa nafika kwenye sehemu nisiyoipenda. Mkuu alitaka maandishi. Nikakaa kibandani na karatasi, nikaandika: familia ilimwaga makaa na kuyafukia mchangani, mtoto akakanyaga. Someni vizuri. Kila neno ni la kweli, na karatasi nzima ni uongo. Sikuandika nani aliyewaambia wayafukie. Sikuandika nani aliyeandika kibao. Nilikuwa na watoto wanne na kazi moja, na nilijiambia kwamba mtoto atapona kwa vyovyote, karatasi haitamuongezea wala kumpunguzia.

Bi Zuwena akaitwa ofisini. Alikaa kwenye benchi amevaa buibui lake, mikono imelala juu ya mkoba, na yule kijana akamsomesha usafi wa fukwe na uzembe wa wageni wanaotuachia hatari. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilingoja anitaje. Nilikuwa hata nimeshapanga maneno ya kujitetea.

"Una la kusema, mama?" kijana akamwuliza mwishowe.

"Sina, mwanangu. Makaa yalikuwa yangu."

Akainuka. Nilimfungulia mlango, akapita karibu yangu kabisa, akasema, "Ahsante, Bwana Filimbi." Laiti angenitemea mate ningelala usiku ule.

Kesho yake nilikwenda pwani alfajiri nikaking'oa kibao. Ofisini nilisema kimeliwa na mchwa, na hakuna aliyeuliza mchwa gani anamaliza kibao kizima usiku mmoja. Nikaikwangua ndoo kwa kisu. Rangi ya pembeni ilitoka, ya chini haikutoka, imeshika mpaka leo. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa ndoo. Maji mara tatu kwa kila pahala, halafu kiganja. Nilikuwa nikirudi nyumbani bega limeteguka nusu, na mke wangu ananiambia nimeanza kutembea kama Mzee Khatibu.

Vunja jungu iliyofuata nilimuomba Mungu Bi Zuwena asije. Alikuja. Nilipoiona gari yao nilijitia kazi nyuma ya kibanda, nikawa nahesabu kamba zisizohitaji kuhesabiwa. Rayya nilimwona kwa mbali. Alikuwa anatembea, alhamdulillah, lakini ngozi ya unyayo ilikuwa imekaza, na akikimbia alikuwa anaruka kidogo upande mmoja. Na alikuwa amevaa ndara za mpira. Wenzake wote pekupeku, yeye aliingia nazo mpaka majini. Wakimcheka anawaambia, "Mimi sitazami nnapokanyaga." Hivyo ndivyo alivyokuwa ameambiwa na watu, mashangazi na majirani, kama tunavyowaambia watoto wote wanaoumia: hukutazama.

Alasiri ikafika, nikasikia naitwa.

"Bwana Filimbi!"

"Naam."

"Hebu njoo utuzikie makaa."

Wanawake wakacheka, walidhani ni mzaha wa kawaida. Nikaja na ndoo. Nikamwaga mara moja, nikamwaga mara ya pili, nikamwaga mara ya tatu. Bi Zuwena amekaa juu ya mkeka, mkono shavuni.

"Bado," akasema. "Mie nnaliona jicho moja jekundu la kaa linanitazama."

Nikamwaga ya nne. Halafu akanipakulia sahani ya biriani, nyama juu, na nikala nimesimama. Watu walikuwa wanawiana radhi kila upande. Nikavuta pumzi.

"Tuwiane radhi sote, Bi Zuwena. Ramadhani inaingia."

"Sote?" akasema. "Haya. Sote."

Vijana, mwezi wa Shaabani ulikuja na kwenda mara nyingi baada ya hapo. Kila mwaka aliniita nikamzikie makaa, kila mwaka jicho moja lilikuwa linamtazama, na kila mwaka nilikula biriani yake. Na kila mwaka, wakati wa kuagana ulipofika, ulimi wangu ulikuwa unakwenda kwenye ile ile "sote", kwa sababu sote ni wengi, na mtu anaweza kujificha ndani yake. Naye alinijibu kwa lile lile neno, safari nyengine akiongeza, "Sote tena mwaka huu?" Mke wangu nilimwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Bibi mzee huyo, Idi. Ngoja ngoja yako hii itakuja kuumiza matumbo." Nilijua anasema kweli na nilimchukia siku mbili.

Mwaka wangu wa mwisho kazini Bi Zuwena aliletwa amekamatwa mikono, akakalishwa kwenye kiti badala ya mkeka. Macho yalikuwa yamefifia. Mwiko haukuwa mkononi mwake tena, alikuwa nao Rayya, msichana mkubwa sasa, amemaliza skuli, na ndara zake miguuni. Nilimwona Bi Zuwena akiutafuta uso wangu upande nisiokuwepo, na hapo niliingiwa na hofu ambayo hata siku ya pikapu na maji yanajaa sikuwa nayo. Mwakani, ama yeye hatakuwepo au mimi sitakuwepo.

"Bwana Filimbi yuko wapi? Hajatuzikia makaa bado."

"Nipo, Bi Zuwena."

Nikamwaga maji. Moja, mbili, tatu, moshi mweupe ukatoka ukaisha.

"Bado," akasema, na macho yenyewe hayaoni.

Nikamwaga ya nne, nikaiweka ndoo chini, nikapiga magoti kwenye mchanga wenye maji na jivu. Suruali ilikuwa ya sare, ya mwisho niliyopewa.

"Bi Zuwena, niwie radhi. Si sote. Mimi. Makaa yale weye ulitaka kwenda nayo kwako, mimi ndiye nlokulazimisha uyafukie, na kiatu kilichosukuma mchanga ni changu. Halafu nkaandika ofisini kama mliyafukia wenyewe. Ukasomeshwa kwa kosa langu, na mimi nimesimama mlangoni."

Rayya alikuwa nyuma ya kiti cha bibi yake, na mwiko uko hewani. Hakuniangalia mimi. Aliinama kuuangalia mguu wake.

"Kumbe si mimi," akasema, taratibu, kama mtu anayejisemea.

Hapo ndipo nilipolia, na sioni haya kuwaambia. Miaka yote nilidhani deni langu ni kwa bibi.

Bi Zuwena akanyosha mkono akakipapasa kichwa changu mpaka akalipata sikio, akalivuta kidogo. "Mie radhi yangu nlikupa siku ile ile, kabla gari haijafika hospitali. Ningekutaja wangekufukuza, wakaleta mwengine asiyejua moto unajificha. Weye ulishajua."

"Sasa mbona hukunambia, Bi Zuwena? Miaka yote hii?"

"Ningekwambia, ungelibeba ndoo?"

Akaliachia sikio. "Lakini mguu si wangu," akasema, na sauti yake ikapungua. "Muombe mwenye mguu. Nami ukimaliza weye nnalo langu la kumuomba, nlimwacha abebe asichokifanya."

Nikageuka kwa Rayya nikiwa bado magotini. "Mwanangu, niwie radhi."

Rayya aliweka mwiko juu ya kawa la kufunikia chakula, akaichukua ndoo yangu, akashuka nayo mpaka majini na ule mruko wake mdogo. Akachota, akapanda, akamwaga ndoo ya tano juu ya makaa yaliyokwisha kufa zamani. Halafu akavua ndara ya kulia. Akauweka unyayo wenye kovu juu ya ule mchanga, kwanza vidole, halafu wote, akausimamia.

"Pamepoa, Mjomba," akasema.

Bi Zuwena hakuiona vunja jungu ya mwaka uliofuata. Rayya anakuja bado, na watoto wake, na mnamwona nyinyi kuliko mimi. Ni yule mama anayetembea pekupeku.

Ndoo niliiacha kibandani nilipokabidhi funguo, na wekundu wake chini. Juzi nilipopita niliichungulia, nikakuta mmeifanya pa kuwekea viatu vyenu. Shaabani imebaki siku chache. Vitoeni viatu, mkachote maji.